Namna ya Kuisoma Barua ya Msaada wa Masomo

Hotuba iliyosomwa mjini Juba mbele ya wanachama wa Jumuiya, wazazi, na vijana wanaotaraji kwenda vyuoni



Nimeombwa niseme juu ya elimu, na elimu ni bahari. Aliyeniomba hakunipa mtumbwi. Kwa hiyo sitasema juu ya fadhila za elimu, maana katika ukumbi huu hapana asiyezijua, nami sipendi kuwachosha kwa maneno mliyoyasikia tangu mlipokuwa watoto. Nitasema juu ya karatasi moja tu. Karatasi hiyo humfikia kijana aliyekwisha kufaulu mtihani wake na kupata nafasi katika chuo kikuu, nayo humwarifu kwamba chuo, au benki, au shirika fulani, limekubali kumsaidia gharama za masomo. Siku hizi haiji kwa bahasha. Huja katika simu ya mkononi, na kabla ya magharibi mtaa mzima wa Malakia umekwisha kupata habari. Majirani huja kutoa pongezi, na katika nyumba nyingine mbuzi huchinjwa kabla ya barua kusomwa hadi ukurasa wa pili. Nami sikatazi kuchinja mbuzi. Ninaloomba ni kwamba ukurasa wa pili usomwe kwanza.

Nazungumza kwa Kiswahili, ingawa nyumbani wengi wetu twasema Kiarabu cha Juba, kwa sababu wengi tuliipata lugha hii uhamishoni, katika Uganda, Kenya na Kongo. Tena tangu nchi yetu ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki mwaka 2016, macho ya vijana wetu yameelekea kusini, kwa njia ya Nimule.

Namjua kijana mmoja ambaye sitamtaja jina, wala sitakitaja chuo chake. Alivuka Nimule akiwa na barua iliyosema kwamba amepewa msaada kamili. Baba yake alilisoma neno "kamili", akafurahi, akamtafutia nauli na godoro. Kumbe msaada ulikuwa kamili wa ada ya mafundisho, na hapo ndipo ulipokoma. Ada ya mitihani haikuwamo, chumba hakikuwamo, chakula hakikuwamo. Alivumilia mwaka mmoja na muhula mmoja kwa kukopa huku na huku. Mwishowe chuo kilimzuilia matokeo yake mpaka alipe alichobakiza, na bila ya matokeo hakuweza kuendelea pale wala kuhamia penginepo. Leo yuko katika soko la Konyo Konyo akitengeneza simu. Si kazi ya aibu, naye ni fundi mzuri; lakini alikwenda kusomea uuguzi, na deni lenyewe lililomrudisha halikufika hata bei ya ng'ombe wawili. Ndugu zangu, lau angalizijua hesabu zile mapema, Jumuiya hii ingaliweza kuchanga fedha hizo.

Basi jambo la kwanza la kulijua ni kwamba barua ya msaada hutaja kile unachopewa kwa sauti kubwa, na kile unachotakiwa kulipa hukitaja kwa sauti ndogo, au hukinyamazia kabisa. Nasema hivi bila ya kumtuhumu mtu kwamba amekusudia kudanganya. Anayeandika barua ni ofisi ya msaada. Hesabu ya chumba ina ofisi yake, na ada za mitihani zina ofisi yake nyingine. Kila ofisi husema lake, na anayebaki na kazi ya kuyajumlisha yote ni wewe mzazi.

Tuchukue mfano. Ni mfano wa kubuni, na hesabu zake nimezipanga mwenyewe ili ziwe nyepesi kujumlisha. Binti apata nafasi katika chuo cha nchi jirani. Barua yasema: "Tunafurahi kukuarifu kuwa umepewa msaada wa nusu ya ada." Ada ya mafundisho kwa mwaka ni dola 1,600, kwa hiyo nusu yake ni dola 800. Hapo baba huhesabu kwamba atatakiwa dola 800 nyingine, naye huona kwamba aziweza. Lakini tuandike yote. Ada ya mafundisho 1,600. Ada nyinginezo, yaani usajili, maktaba, mitihani, maabara, kitambulisho na chama cha wanafunzi, 350. Chumba 600. Chakula 900. Vitabu na karatasi 150. Nauli ya kwenda na kurudi pamoja na kibali cha mwanafunzi 200. Matibabu 100. Jumla ni dola 3,900. Ukitoa zile 800 zabaki dola 3,100. Barua ilisema nusu, na kwa kweli ni kama sehemu moja katika tano. Tena hiyo ni ya mwaka mmoja. Masomo ya miaka mitatu yataka dola 9,300 kutoka mfukoni mwa baba yule yule aliyedhani kwamba atatoa 2,400.

Kwa hiyo kila mkionyeshwa barua yenye neno "nusu", au "robo tatu", au "asilimia" yoyote ile, ulizeni: nusu ya nini? Swali hili ni fupi, nalo lafaa kuliko maswali mengi marefu. Wenzetu wa Kenya walikutana na jambo hili mwaka 2023, serikali yao ilipoleta mpango mpya wa kuwasomesha wanafunzi wa vyuo vikuu vya umma. Katika mpango huo, kama ulivyopangwa baadaye katika makundi matano, mwanafunzi wa jamaa maskini kabisa aliwekewa asilimia 70 ya gharama kuwa ruzuku, asilimia 25 kuwa mkopo, na asilimia 5 kuwa juu ya jamaa zake. Na yule wa jamaa wenye uwezo zaidi aliwekewa ruzuku asilimia 30, mkopo asilimia 30, na jamaa zake asilimia 40. Wazazi wengi waliona namba mbili za kwanza wakazijumlisha pamoja, wakasema, "Serikali yatoa asilimia 95." Serikali ilitoa asilimia 70; zile 25 ni za mtoto mwenyewe, azilipe atakapokuwa mtu mzima. Na wako walioshtuka zaidi kwa kujikuta wamewekwa katika kundi wasilostahili. Mpango wenyewe ulifika mahakamani. Mwezi wa Desemba 2024 Mahakama Kuu iliuona kuwa ni kinyume cha katiba, kisha shauri likapelekwa katika Mahakama ya Rufani.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha maneno yangu. Fedha zote zinazotajwa katika barua ya msaada, ziwe za Kampala, za Nairobi, za Jeddah au za Marekani, hazipiti aina tatu. Aina ya kwanza ni tunu: wapewa, wala hurejeshi. Aina ya pili ni deni: wapewa leo, walipa kesho. Aina ya tatu ni ujira: hupewi kitu mpaka ufanye kazi, na ukiugua wiki mbili hupati chochote kwa wiki hizo. Barua yaweza kuziweka aina zote tatu katika safu moja, moja chini ya nyingine, na kupiga mstari chini yake na kuandika jumla, kana kwamba zote ni kitu kimoja. Haifai kujumlisha tunu na deni, kama isivyofaa kujumlisha mbuzi uliyepewa na mbuzi uliyeazimwa ukasema una mbuzi wawili.

Msidhani kwamba ugumu huu watupata sisi wa Juba peke yetu kwa sababu ya uchache wa shule zetu. Mwaka 2018 watu wa taasisi mbili za Marekani walizichungua barua za vyuo mia kadhaa vya nchi ile, wakakuta mkopo wa aina moja tu wa serikali umepewa majina 136 mbalimbali, na katika majina hayo 24 hayakuwa na neno "mkopo" ndani yake hata kidogo. Na mwaka 2022 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilikadiria kwamba vyuo 91 katika kila 100 ama havikuonyesha kabisa katika barua zao gharama halisi inayombakia mwanafunzi, ama vilionyesha gharama ndogo kuliko ilivyo. Hao ni watu wanaosoma barua kwa lugha yao wenyewe, katika nchi yao wenyewe. Basi mzee wa Juba asione haya kuomba asomewe barua mara mbili na mara tatu.

Nikiwa bado katika habari ya Marekani, nitaipitia upesi. Ndugu zetu waliokwenda huko kama wakimbizi, wakiwamo vijana alfu kadhaa waliochukuliwa kutoka kambi ya Kakuma mwaka 2000 na 2001, wao na watoto wao wana haki ya kuomba msaada wa serikali kuu ya nchi ile. Kijana anayetoka Juba kwa viza ya mwanafunzi hana haki hiyo. Yeye hutegemea fedha za chuo chenyewe, na sehemu ya msaada inayolipia chumba na chakula chake kwa kawaida hukatwa kodi ya asilimia 14. Tena chuo kikitoa msaada, viza si mkononi mwa chuo: mwezi wa Aprili 2025 serikali ya Marekani ilizifuta viza zote za wenye pasipoti za Sudan Kusini. Kijana mwenye barua ya huko asiipuuze barua ya chuo cha karibu kwa kuingojea ile.

Sasa nataka kusema kwa urefu kidogo juu ya deni, kwa kuwa sisi Waislamu deni lina uzito wake kwetu, na riba ina hukumu yake. Wako vijana walioniambia kwamba wao hawatagusa mkopo wowote, na hilo nalistahi. Lakini wako wengine waliotia sahihi mkopo pasipo kujua kwamba ni mkopo, na hao ni wengi zaidi. Masheikh wetu wanajua kwamba aya ndefu kuliko zote katika Kurani, iliyomo katika Sura ya Al-Baqara, ni aya ya kuandikiana deni. Basi kama ni wajibu kuandika, hapana budi kuyasoma yaliyoandikwa.

Katika barua ya mkopo tafuteni mambo haya: jumla ya kinachorejeshwa, na kama ni zaidi ya kilichotolewa, siku ya kuanza kulipa, nani mdhamini, na nini kitatokea kama kijana hakupata kazi au, Mungu apishe mbali, akafariki. Kadhalika mjue kwamba masharti ya mkopo yaweza kubadilika baada ya kutiwa sahihi. Tanzania ilitunga sheria ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi mwaka 2004. Baadaye wakopaji walikuwa wakitozwa asilimia 6 kila mwaka kwa ajili ya kulinda thamani ya fedha, na makato ya mshahara yakapandishwa hadi asilimia 15. Kisha mwaka 2021 ile asilimia 6 ikaondolewa. Mtu aliyekopa akiwa na miaka ishirini alishuhudia deni lake likivimba na kunywea kwa amri za watu asiowajua. Mikopo hiyo ni ya Watanzania tu, wala kijana wetu asipoteze muda kuiomba. Nimeitaja kwa mfano.

Lakini liko deni la namna nyingine, nalo ndilo lililonifanya niikubali kazi ya kusema leo. Benki ya Maendeleo ya Kiislamu, ambayo makao yake ni Jeddah, ilianzisha mwaka 1983 mpango wa kuwasomesha vijana wa jamii za Waislamu katika nchi ambazo si wanachama wa benki hiyo. Sudan ni mwanachama. Sisi, tangu tulipojitenga mwaka 2011, si wanachama. Kwa hiyo mpango huu, kwa asili yake, uliwekwa kwa ajili ya watu walio katika hali kama yetu. Masomo yaliyopendelewa tangu mwanzo ni kama utabibu, uhandisi, uuguzi, ufamasia na kilimo. Nchi zinazopokewa na masharti ya kila mwaka hutangazwa na benki yenyewe, na tangazo la mwaka jana halifai kutumiwa mwaka huu.

Ajabu ya mpango huu ni hesabu yake. Fedha zile kwa mwanafunzi ni karadha, mkopo usio na riba; kwa jamii yake ni tunu. Yaani mwanafunzi akimaliza masomo na kupata kazi hurejesha alichokopa, bila ya nyongeza, lakini hakirudi Jeddah. Huingia katika mfuko wa amana wa jamii yake mwenyewe, ili wasomeshwe wengine. Mzee asomaye barua ya namna hii akaona neno "msaada" juu na neno "mkopo" chini, asidhani kwamba barua yajipinga. Maneno yote mawili ni ya kweli, ila kila moja lina mtu wake. Na daktari aliyesomeshwa hivyo kisha akakataa kulipa hawadhulumu wenye benki. Amdhulumu mtoto wa jirani yake, anayengoja zamu. Nasema haya wazi kwa sababu mfuko kama huo hautaki fedha tu, wataka daftari, na karani mwaminifu, na wazee wasioona haya kumdai mtoto wa rafiki yao. Kama hatuwezi hayo matatu, tuseme mapema.

Nije kwenye jambo ambalo watu wa miji mingine hawalijui kama tunavyolijua sisi: fedha ya barua ni fedha ya nchi gani? Pauni yetu ilitolewa mwezi wa Julai 2011. Hata mwezi wa Desemba 2015 benki kuu ilikuwa ikihesabu dola moja kwa pauni 2.95, kisha ikaiachilia ifuate soko, na kwa muda wa siku moja dola ikawa kama pauni 18.5. Fikirini kijana aliyekuwa na barua ya kumpa pauni 3,000 kwa mwezi kwa kusoma nje. Kwa hesabu ya kwanza alikuwa na dola 1,017. Kwa hesabu ya pili alikuwa na dola 162. Katika barua yake haikubadilika hata herufi moja. Leo dola moja huhesabiwa kwa alfu za pauni, na pauni zile 3,000 hazifiki hata dola mbili.

Kwa sababu hiyo, barua ikitaja pauni na ada ikatajwa kwa dola au kwa shilingi za Uganda, ulizeni kwa maandishi: fedha itahesabiwa kwa bei ya siku gani? Ya siku ya barua, au ya siku ya malipo? Na italipwa kwa nani, kwa chuo moja kwa moja au kwa mzazi? Kama italipwa kwa chuo kwa dola, mna usalama. Kama italipwa kwenu kwa pauni, nanyi ndio mtakaokwenda sokoni kutafuta dola, basi hatari yote mmeibeba nyinyi, na ni vema kuijua hatari hiyo kabla ya kuibeba. Upande wa pili wa jambo hili nao upo: baba mwenye duka hapa Juba hupata mapato yake kwa pauni, ada ya mtoto hupanda hata kama chuo hakikuipandisha. Mimi huwashauri wazazi wanaoweza, wakipata dola zamani za mavuno mazuri ya biashara, waziweke zikiwa dola kwa ajili ya muhula ujao, wasizigeuze kisha wakazinunua tena.

Wako pia vijana wetu waliomo bado katika kambi za Uganda na Kenya. Kwao uko msaada unaoitwa DAFI, uliopewa jina la mwanachuoni Albert Einstein, ambao serikali ya Ujerumani imekuwa ikiugharimia tangu mwaka 1992 kwa mkono wa Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa. Huo ni tunu, nao huangalia ada na maisha pia. Lakini ni wa mkimbizi, asomee katika nchi iliyompokea. Mzazi mmoja aliniuliza kama mwanawe aweza kurudi Juba kwanza, kisha auombe. Nilimjibu asifanye haraka kumrudisha, maana akirudi na kukaa kwao, jina la ukimbizi litamwondokea na njia ile itafungika.

Tuingie katika masharti. Msaada wa mwaka wa kwanza si ahadi ya mwaka wa pili ila barua iseme hivyo. Tafuteni neno la kurudiwa kwa msaada kila mwaka. Barua nyingi humtaka mwanafunzi ashike wastani fulani wa alama. Akishuka, msaada waondoka, na ada yabaki pale pale. Uzito wa sharti hili haupimwi kwa maneno yake, wapimwa kwa hali ya mtoto. Kijana aliyesoma shule iliyofungwa kwa vita mara mbili, kisha akaingia darasani na wenzake ambao hawakukosa hata muhula mmoja, yaelekea mwaka wake wa kwanza utakuwa mgumu kuliko uwezo wake wa kweli. Kama sharti ni alama za juu tangu muhula wa kwanza, na aandike kuomba apewe mwaka mzima kabla ya kupimwa. Vyuo vingine hukubali. Na tazameni pia kama aruhusiwa kubadili somo, kama aruhusiwa kukawia mwaka mmoja kwa ugonjwa au kwa uzazi, na kama yuko chini ya ahadi ya kumtumikia aliyemlipia kwa miaka kadhaa baada ya kuhitimu. Ahadi ya utumishi si mbaya, lakini ni deni linalolipwa kwa miaka ya umri, na yafaa binti anayetarajiwa kuolewa ajue hayo pamoja na wachumba wake.

Nimetaja kuandika. Watu wetu huona barua ya msaada kama hukumu ya kadhi, haijibiwi. Sivyo. Yaweza kujibiwa kwa adabu, na mara nyingine hujibiwa kwa faida. Ikiwa baba alikuwa na duka wakati fomu ilipojazwa, kisha duka likaungua au likaporwa. Ikiwa aliyekuwa akilipa amefariki. Ikiwa chuo kingine kimetoa msaada mkubwa zaidi, andikeni kwa ofisi iliyotuma barua, muitaje hali yenu kwa ufupi, mwambatanishe ushahidi, na muombe hesabu itazamwe upya. Barua ya namna hiyo isizidi ukurasa mmoja, wala isiwe na kilio kingi. Mtu wa ofisini hawezi kuweka machozi katika daftari. Awezacho kuweka ni tarehe na kiasi.

Kuhusu matapeli nitasema maneno machache tu: msaada wa kweli hautaki utume fedha kwa simu ili upate kuupokea. Chuo chaweza kutaka ada ya maombi au amana ya kuishika nafasi, na hizo hulipwa katika akaunti ya chuo, kwa stakabadhi. Mkiambiwa mlipe "ada ya kuachilia msaada" kwa jina la mtu binafsi, hapana msaada hapo.

Liko jambo moja ambalo najua halitawapendeza baadhi yenu. Barua kubwa ya mbali hutupofusha tusiione barua ndogo ya karibu. Chuo Kikuu cha Juba kiliundwa mwaka 1975 na kuanza kufundisha mwaka 1977. Mwaka 1989 kilihamishiwa Khartoum kwa sababu ya vita, na baada ya miaka ishirini na zaidi kikarejea nyumbani. Kina mapungufu yake, nasi twayajua, kwa kuwa walimu wake ni jirani zetu na twasikia mishahara yao inapochelewa. Lakini kijana anayelala kwao hana gharama ya chumba, na sufuria ya mama yake ni msaada usioandikwa katika barua yoyote. Wekeni karatasi mbili mezani, ya Juba na ya nje, mjumlishe kila moja mpaka mwisho wa masomo, si mpaka mwisho wa mwaka wa kwanza. Nimeona mara nyingi kwamba ile iliyoitwa msaada mkubwa ndiyo iliyoacha pengo kubwa.

Na katika kujumlisha huko, binti asihesabiwe mwisho. Nimeona nyumba yenye barua mbili, ya kaka na ya dada. Ya dada ilikuwa tunu karibu nzima, na ya kaka ilikuwa robo. Fedha zote za nyumba zikakusanywa kuziba pengo la kaka, na dada, ambaye pengo lake lilikuwa nauli na godoro tu, akaambiwa angoje mwaka ujao. Barua haingoji. Ina tarehe yake ya mwisho ya kukubali, na tarehe ile ikipita nafasi hupewa mwingine. Nawaachia wenyewe kusema kama hesabu ile ilikuwa nzuri, hata kwa mtu anayetazama fedha tu.

Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa idhini yako, natoa shauri kwa Jumuiya. Tuchague watu watatu, mmoja wao awe mwanamke na mmoja awe mtu aliyezoea vitabu vya hesabu, wawe wakikaa hapa kila Jumamosi baada ya swala ya alasiri tangu matokeo ya mitihani yatokapo hadi vyuo vifunguapo. Kazi yao isiwe kugawa fedha, maana fedha hatuna nyingi. Kazi yao iwe kusoma barua pamoja na mzazi na mtoto, kuandika katika karatasi moja kila kitu kinacholipwa kwa miaka yote, kutenga tunu, deni na ujira, na kuonyesha pengo lililobaki. Mwenye kuja alete barua nzima, si picha ya ukurasa wa kwanza. Alete orodha ya ada kutoka kwa mhasibu wa chuo. Na ajue mapato ya nyumba kwa mwezi, ayaseme kwa kweli, kwani watu watatu hao watakula kiapo cha kutunza siri. Pengo likiwa dogo, Jumuiya itaweza kuulizwa. Pengo likiwa kubwa, itaandikwa barua kwa chuo usiku ule ule.

Nimekwisha. Naona kijana mmoja pale mlangoni ana simu mkononi na uso wa mtu mwenye barua. Njoo mbele, mwanangu, ukae hapa karibu na mzee katibu, na utufungulie ukurasa wa pili.